Kabla ya Nungwi, Lala Kwanza Mji Mkongwe

Wageni wengi kutoka bara wakishuka boti pale Malindi, Unguja, hupanda gari moja kwa moja hadi fukwe za Nungwi au Paje, na Mji Mkongwe wanaupitia dirishani. Wengine huupa nusu siku: wanaenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, wanapiga picha mbele ya mlango mmoja, wanakula urojo, kisha wanawahi boti ya jioni. Nimeshavuka mara nyingi, na kila anayeniomba ushauri namwambia vilevile: lala mjini siku mbili au tatu kwanza, ufukweni utakwenda baadaye. UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini ni mji wa watu wanaoishi, wanaochonga, wanaopiga muziki na kushona, na kazi zao huzioni ukiwa na haraka.

Anza na milango. Toka asubuhi na mapema kabla maduka hayajafunguliwa, maana duka likishafunguliwa mlango unakunjwa na magauni yanatundikwa juu yake. Pita mitaa ya Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, na usiogope kupotea. Mji ni mdogo, ukitembea sana utatokea baharini au barabara ya Darajani. Mlango ambao sehemu yake ya juu imenyooka ni wa mtindo wa zamani wa Kiarabu. Wenye tao juu una mkono wa Kihindi ndani yake, na ulishamiri mwishoni mwa karne ya 19. Ile inayokunjwa, yenye vipande vidogo vidogo vya mraba, ni ya Kigujarati na ndiyo ya maduka. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka asili yake ni India, ambako ilikuwa kinga dhidi ya tembo wa vita. Huku Unguja misumari hiyo ilibaki kuwa pambo na ishara ya uwezo wa mwenye nyumba.

Nakshi za mlango zitazame kuanzia chini kwenda juu. Mara nyingi chini ya miimo kuna samaki au mawimbi, kisha ua au mzabibu unapanda, pembeni kuna mnyororo wa kulinda nyumba, na juu kabisa maandishi ya Kiarabu, pengine aya ya Qur'ani. Ukiuangalia mlango mmoja hivyo kwa dakika kumi, mingine yote itaanza kukuonyesha tofauti zake.

Halafu tafuta karakana ya nakshi. Bado zipo, na utasikia kigongo kikigonga patasi kabla hujaona mlango wa karakana yenyewe. Fundi mmoja aliniruhusu nikae pembeni akiendelea na kazi. Alichora duara kwa bikari, akaligawa petali sita bila kupima kwa rula, kisha akaanza kutoa mbao kidogo kidogo, anageuza ubao yeye amekaa palepale, anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa petali kuona kama umekaa sawa. Aliniambia mti ukichongwa haujakauka vizuri, ua litapasuka baadaye hata fundi awe hodari namna gani. Ukimpata fundi wa namna hiyo, nunua kwake hata kisanduku kidogo. Utalipa zaidi ya bei ya kinyago cha barabarani, na ni haki yake.

Kwenye picha za kuchora nina neno. Zile za rangi kali zilizojaa mtaa wa Gizenga nyingi ni za tingatinga, sanaa iliyoanza Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga. Si vibaya kuzinunua Unguja, ila nunua kwa mchoraji unayemwona ameshika brashi, umuulize na jina lake. Kwa picha za Unguja hasa, ingia Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta. Ni duka la mpiga picha lililopo tangu 1930, na kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe za mji huu wa zamani: majahazi, sherehe, nyuso za watu. Mimi huwa nasahau muda humo. Mtaa huohuo kuna jumba la Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa 1946. Kama si mpenzi wa nyimbo zake, picha ya nje inatosha.

Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Litazame kwa nje ukiwa bustani ya Forodhani, na ulizia siku hiyo kama kuna sehemu iliyo wazi. Zahanati Kongwe kule Malindi, yenye roshani za mbao zilizotobolewa mithili ya lesi, watu huipita kwa sababu iko karibu na bandari na kila mtu ana mizigo mkononi. Rudi uione ukiwa huna begi.

Mkunazini nenda siku yake, usiichanganye na ununuzi. Soko la watumwa la hapo lilifungwa Juni 1873 baada ya Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa la Anglikana likawekwa mahali hapo Krismasi ya mwaka huohuo. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo halisi shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Watu hupiga picha za tabasamu pale. Tafadhali usifanye hivyo. Simama, zitazame nyuso moja moja, halafu ingia kanisani ukae. Kama umekwenda na watoto, waeleze kabla ya kufika.

Sasa taarab, na hapa ndipo ningependa utumie jioni zako zote. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi 2002. Taarab ya hotelini wakati wa chakula si mbaya, lakini wasikilizaji wako bize na samaki. Ulizia mazoezi ya vikundi au onyesho la ukumbini. Mwenye nyumba ya wageni atajua, na asipojua, watu wa mtaa wa Vuga watajua. Omba ruhusa, kaa nyuma. Mtazame mpiga kanuni: ala imelazwa mapajani, nyuzi zaidi ya 70, kwenye vidole vya shahada amevaa pete zilizobana vijiti vya kupigia, na udi, fidla na akodiani vinamfuata kwa nyuma.

Kukiwa na onyesho lenye wenyeji, angalia namna wanavyotunza. Mama anainuka na noti yake, anakwenda mbele kwa mwendo wa wimbo, hakimbii, anampa mwimbaji, anageuka pole pole na kurudi kitini. Mara nyingi ana ujumbe kwa mtu aliyemo humohumo ukumbini, kwa hiyo sikiliza ni ubeti gani uliomwinua. Nawe ukiguswa, tunza. Noti ndogo haina aibu.

Kabla hujaenda, msikilize Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyetembeza vyungu vya kuuza na baadaye, 1928, akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Msikilize na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, sauti ikiwa bado ina makali uzeeni.

Chakula nakitaja kwa kifupi. Forodhani usiku ni pazuri kwa macho na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Samaki uulize bei kabla hajawekwa motoni. Urojo kula mchana, kwenye vibanda vya mitaani ambako wanafunzi wamepanga foleni.

Mapapasi, vijana wanaotafutia wageni hoteli na ziara, watakufuata bandarini. Wajibu kwa salamu na "ahsante ndugu yangu, nina mwenyeji," kisha endelea na safari. Mavazi yafunike mabega na magoti, wanaume pia. Wazee waliokaa barazani waamkie kwanza, picha uombe baadaye, na ukikataliwa kubali. Ramadhani mchana hakuna cha kula hadharani, ila usiku mji huwa mzuri ajabu. Masika, Machi hadi Mei, mvua itakuharibia matembezi lakini vyumba hushuka bei. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, na jukwaa lake kubwa huwa Ngome Kongwe. Chumba kitafute miezi kadhaa kabla.

Ukikosa chumba Mji Mkongwe, lala Ng'ambo, na hata ukikipata, vuka barabara ya Darajani alasiri moja. Hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari na daraja, upande huu nyumba za mawe, upande ule nyumba za udongo. Siti aliishi ule upande, na mengi aliyoyaimba yalitoka kwa majirani zake wa huko. Leo utakuta maghorofa marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, vibarazani watu wanacheza bao na karata, na kanga zinauzwa kwa bei ya wenyeji. Chukua doti moja, umwambie muuzaji akusomee jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujalipa, maana usije ukampelekea mama mkwe maneno usiyoyakusudia.