Msiulainishe mstari wenye shimo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya spektra za plazma (mwanga wa gesi yenye joto kali, uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, ambamo kila elementi huonyesha mistari yake), wiki hii nimeletewa grafu mbili za Boltzmann, zile ambazo kila mstari wa mwanga ni nukta moja kwenye nishati ya ngazi unakoanzia, na mteremko wa nukta hutoa joto la plazma; zote zina kosa lilelile, na kunyamaza nimeshindwa.

1. Spektra ya giza, ile inayopimwa bila mwanga kuingia, ichukuliwe upya kila mnapobadilisha muda wa kukusanya mwanga. Ya asubuhi haifai jioni.

2. Dirisha la kioo cha kawaida hukata urujuanimno. Wekeni la kwatzi.

3. Mkiona mstari kwenye nanomita 649.5 katika arki (umeme unaoruka mfululizo hewani) ya elektrodi za shaba, msikimbilie kuandika kwamba mmepata elementi ngeni. Gawanyeni kwa mbili: ni ule wa 324.75 umejirudia kwenye oda ya pili ya greti, kile kifaa kinachotawanya mwanga. Chujio linauondoa.

4. Huo wa 324.75 ndio ulioniumiza mimi, kwa hiyo hapa nitakaa.

Nilikuwa napima joto la arki ya shaba. Nilikuwa na 510.55, 515.32 na 521.82, mistari inayotosha kabisa, lakini nikauongeza 324.75 kwa sababu ulikuwa unang'aa kuliko yote. Nilipoukuza kwenye skrini, kileleni palikuwa na shimo dogo, kama jino lililong'oka. Nikadhani ni pikseli mbovu. Nikaulainisha kwa programu, shimo likafutika, nikachora mstari wa grafu. Joto likaja juu kwa maelfu ya kelvini. Nilifurahi, nikasimama mbele ya wenzangu kulitetea. Mmoja akauliza swali moja tu: uwiano wa 324.75 kwa 327.40 ni ngapi? Sikuwa nimeuangalia. Tukaupima palepale, ukatoka karibu 1. Ulitakiwa uwe karibu 2. Miezi miwili ya kazi ilirudi mwanzo, na ile aibu bado naijua ilivyo.

Shimo lile lilikuwa ndiyo habari yenyewe. Mistari yote miwili, 324.75 na 327.40, inaishia kwenye ngazi ya msingi, yaani ya nishati ya chini kabisa ya atomu, na pembezoni mwa arki, kwenye ubaridi, atomu za shaba karibu zote ziko kwenye ngazi hiyo. Fotoni inayotoka katikati inakutana nazo njiani, zinaimeza. Mstari wa huko nje ni mwembamba zaidi, kwa hiyo kinacholiwa zaidi ni kilele, mabega yanabaki. Sasa fikirieni grafu: nukta ya 324.75 iko upande wa nishati ndogo, eV 3.82. Ikishuka, mteremko unalala, na mteremko ukilala joto linapanda. Plazma haikuwa na joto hilo hata kidogo.

Cha kufanya ni chepesi. 510.55 unaanzia ngazi ileile ya juu na 324.75, ila hauishii kwenye ngazi ya msingi. Kwenye grafu nukta zao zinatakiwa zikae pamoja. Ya 324.75 ikiwa chini, mwanga umeliwa, itoeni.

5. Msiandike "msawazo wa joto", yaani kwamba joto moja linatosha kueleza ngazi zote za atomu, kabla ya kupima msongamano wa elektroni. Weka hidrojeni kidogo, pima upana wa mstari wake wa 486.1, ondoa upana wa chombo chenyewe.

Nyinyi wawili mlioniletea grafu, kesho nileteeni data ghafi, ile ambayo programu haijaigusa. Tutaanza na uwiano wa 324.75 kwa 327.40.