Ploti ikiuzwa usibebe godoro tu

Juni 2018 Microsoft walipotangaza wananunua GitHub, mahali mtandaoni ambapo watengenezaji programu huweka kazi zao, kwa dola bilioni 7.5 nilikuwa nimeketi kwa saiba moja hapa Kondele, na nilipandwa na hasira kama mpangaji anayesikia ploti imeuzwa na yeye bado yuko ndani anasonga ugali. Yaani hawa ambao bosi wao Ballmer aliita Linux, mfumo wa kompyuta ulio wazi kwa wote, kansa mwaka 2001 ndio sasa wanashika funguo zetu? Usiku huohuo nikahama. Wengi walikimbilia GitLab, huduma kama hiyo, mimi nikajifanya mjanja nikaenda kwa kampuni fulani ndogo, jina nitaliacha, eti wadogo ni wenzetu.

Kushuku sikukosea, wacha niseme hivyo. SourceForge, mahali pa zamani pa kuweka programu, iliingia mikononi mwa kampuni ya Dice 2012, kufika 2015 watu wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakakuta ukurasa wao wa Windows umechukuliwa na faili ya kuinstoli imefungwa pamoja na ofa za programu zingine ambazo hakuna aliyeziomba. Google Code, ya aina hiyohiyo, nayo hata haikuuzwa, mwenyewe aliifunga tu 2016. Kwa hivyo mwenye nyumba ni mwenye nyumba, awe mkubwa ama mdogo.

Ile kampuni ndogo niliyohamia ilifunga huduma kwa imeli moja, ikatupa siku 30, na hiyo imeli ilikuwa imelala kwa spamu. Kodi (ya programu, si ya nyumba) haikunisumbua sana kwa sababu Git, programu inayotunza mabadiliko ya kodi, inaweka historia yote kwa kila laptop iliyokloni, yaani iliyonakili hazina (folda yote ya kodi). Kilichonimaliza ni tiketi, yaani zile kurasa za kujadili kila tatizo. Ile programu ilikuwa ya chama cha kina mama wanaouza omena, na mhazini wao alikuwa akiona hesabu haiingiani anapiga picha daftari, ananitumia, mimi naibandika kwa tiketi tunajadiliana hapo na kijana mwenzangu mpaka tuelewe. Miaka miwili ya majadiliano, na hayo hayaji na kloni, yanakaa kwa database ya kampuni.

Sasa ndugu yangu, ukisikia tena kuna mahali pamenunuliwa, usihame siku hiyo. Kwanza fanya git clone --mirror, yaani nakala kamili, sukuma nakala mahali pa pili, mimi natumia Codeberg, ile ya shirika la wanachama huko Berlin, halafu weka kronjobu, kazi ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe kwa ratiba, iwe inasukuma kila usiku maana mkono husahau. Halafu shusha tiketi zako kupitia API, mlango ambao programu huombea data, zikija kama maandishi ya JSON mabaya yasiyosomeka ni sawa tu, bora ziko. Na kila mkikubaliana jambo andikeni kwa faili ndani ya hazina yenyewe, mistari mitatu inatosha, tulibadilisha nini na kwa nini. Hiyo ya mwisho watu huidharau na ndiyo ningechagua kama ningeambiwa nichague moja. Ukimaliza hayo, kama bado una hasira, hama kwa raha zako.

Mimi hadi leo kwa ile programu kuna mahali pa kugawa faida ya mwisho wa mwaka, mstari mmoja unaongeza shilingi moja kwa wanachama wengine na wengine hapana, na juu yake niliandika kwa mkono wangu: "usiguse, angalia tiketi 17". Sijagusa.