Lenzi za jicho kwa darubini ya milimita 130

Ndugu, kwa darubini yako ya kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga unasafiri hadi kukutana mahali pamoja) milimita 650, achana na lile sanduku la lenzi nyingi za jicho, zile za kuchungulia, za bei rahisi unaloliulizia. Nunua mbili nzuri tu. Hesabu ya ukuzaji: gawanya 650 kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Ile ya 25 uliyo nayo inakuza mara 26, inafaa, baki nayo kwa sasa.

Unachokosa kwanza ni ya milimita 6. Inakupa kama mara 108, na hapo mikanda ya sayari ya Mshtarii inajitokeza na pete za Zohali huhitaji kuzikisia tena. Ya pili, fedha ikipatikana, iwe ya milimita 32. Ni mara 20 tu, lakini Kilimia, lile kundi la nyota, chote kinaingia ndani ya duara moja na nafasi inabaki. Watu wanaudharau ukuzaji mdogo. Kwangu ndio wenye utamu zaidi.

Hiyo ya milimita 4 iliyokuja na darubini iweke kando. Tundu lake ni dogo mno, na jioni joto likiwa bado linapanda kutoka kwenye mabati ya majirani, sayari inatetemeka kama iko chini ya maji.

Unavaa miwani? Basi chagua lenzi inayokuruhusu kuweka jicho milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo. Na shingo yake iwe ya inchi 1.25, ndiyo inayoingia kwenye darubini yako.