Kupanua gereji ya nyumbani: acha wazi, lakini ukuta mmoja usiukwepe

Mkuu, nilivyokuelewa ni hivi: una banda la gari la mita 3.5 kwa 6, unataka kuliongeza ubavuni lifike mita 10 kwa 6. Humo gari lilale, uchomelee mageti na madirisha siku za mapumziko, uwe na upande wa useremala, na mama watoto apate stoo. Fundi anataka ugawe vyumba vitatu kwa tofali, wewe unapendelea ukumbi mmoja. Mimi nina gereji ya namna hiyo nyuma ya nyumba huku Kibaha, nachomelea na kuranda mbao humo humo, kwa hiyo nakujibu kwa kazi ninayoifanya kwa mikono yangu.

Vyumba vitatu usijenge. Ukumbi mtupu wa mita 10 nao usijenge. Weka ukuta mmoja wa tofali unaotenga mbao na moto, sehemu nyingine yote iache wazi.

Nianze na sababu ya kuacha wazi. Skwea paipu (mabomba ya chuma ya pembe nne) unazonunua dukani zina urefu wa karibu mita 6. Chumba chenye upana wa mita 3.3 kinakuruhusu kuilaza kwa upande mmoja tu, na ukitaka kuigeuza lazima utoke nayo nje. Geti la mita 4 utaliunganishia wapi? Litaishia uani, juani, na mvua ikija unakimbiza mashine. Gari nalo lina mahitaji yake. Probox ina upana wa kama mita 1.7, ukiweka sentimita 90 kila upande ili milango ifunguke na mtu apite na toroli, tayari umefika mita 3.5. Kukiwa wazi, nafasi hiyo ya gari ndiyo inageuka kuwa uwanja wa kuunganishia geti gari likitolewa. Ukijenga ukuta hapo, umeipoteza moja kwa moja.

Halafu kuna hewa. Chini ya bati, mchana wa Januari, chumba kidogo hakikaliki. Ila linalonisumbua zaidi ya joto ni moshi. Ukichomelea bomba lililopakwa zinki, moshi wake unaweza kukuletea homa na baridi jioni, saa kadhaa baada ya kazi, ukadhani ni malaria. Gari likiunguruma ndani linatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kwenye chumba kilichofungwa inaua. Kwa hiyo sehemu ya kuchomelea iweke karibu na mlango mpana, na ukuta wa nyuma uwe na dirisha au tofali za matundu ili upepo upite, kusi au kaskazi. Kama unatumia mashine ya vijiti, upepo haukusumbui sana. Kama ni mashine ya MIG, inayopuliza gesi ya kukinga weldi, tafuta namna ya kuukinga kidogo, kwa sababu upepo unapeperusha ile gesi na weldi inatoka na vitundu.

Sasa ukuta wa lazima. Watu wengi wanaudharau, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kanuni za moto za Marekani kwa kazi za kuchomelea na kukata zinataka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa futi 35, karibu mita 11, au vikingwe. Ukumbi wako mzima ni mita 10. Maana yake ukiacha wazi kabisa, hakuna kona hata moja ya kuweka maranda, mbao na makopo ya thina ambayo cheche za grainda haziwezi kuifikia. Na cheche ikiingia kwenye rundo la vumbi la mbao si lazima iwake hapo hapo. Inafuka kimya, wewe umeshafunga, umeoga, umelala. Mimi nikimaliza kuchomelea sifungi mlango mpaka ipite kama saa nzima, na kabla ya kuondoka napita kila kona nikinusa na kugusa.

Ukuta huo uufikishe juu kabisa kwenye bati. Mafundi wengi huishia kwenye mkanda (zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta) na kuiacha ile pembetatu ya juu wazi, moshi na cheche vinapita hapo kama hakuna ukuta. Ijaze tofali. Mlango wake uwe wa chuma. Sakafu ya upande wa mbao ipandishe kama sentimita 10 kuliko upande wa gari, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na kipandio hicho kinasaidia usiingie. Vumbi lenyewe la mbao nalo si la kuchezea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kulifungia upande mmoja, wenye dirisha lake, ni afya yako na ya watoto.

Kwa vipimo vyako ningegawa hivi: mita 6.5 wazi kwa gari na kuchomelea, mita 3.5 kwa mbao. Huko nyuma ya chumba cha mbao megua mita 2 ziwe stoo ya shemeji, kwa kizigeu cha jipsam tu, ambayo ina karibu asilimia 21 ya maji yaliyofungwa ndani yake na hivyo inachelewesha moto. Mlango wa stoo utokee uani upande wa jiko. Mama akifuata ndoo au godoro asilazimike kupita kwenye cheche, na vumbi la randa lisiingie kwenye vitu vyake. Gari litoke nje kabla hujawasha grainda, maana zile cheche zinaganda kwenye kioo na kukiachia vidoa ambavyo havifutiki.

Hoja ya fundi kwamba kuta za kati zinabeba kenchi (fremu za mbao zinazoshika paa) haisimami kwenye jengo jipya. Mita 6 ni urefu wa kawaida kwa kenchi ya mbao, inalala kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, na kuta zake za kati zitakuwa zinaenda sambamba nayo. Ana haki kwenye jambo moja: ukuta wa nyuma wa mita 10 usio na kitu cha kuushika ni dhaifu. Dawa yake ni nguzo za zege zenye nondo kila baada ya mita 3 hivi, ndani ya ukuta, na mkanda unaozunguka jengo lote. Mbele usiweke uwazi mmoja wa mita 6. Weka milango miwili ya mita 3 na nguzo katikati, bimu itakuwa nafuu na salama zaidi.

Hatari kubwa iko kwenye banda la zamani. Kwa kuwa lina upana wa mita 3.5, inawezekana sana kenchi zake zimelala kwenye kuta mbili za ubavuni. Ule ukuta wa ubavuni unaotaka kuubomoa ndio umebeba paa. Kama ni hivyo, paa la zamani lishushwe kwanza na kenchi mpya ziende uelekeo mwingine. Na pale msingi mpya unapokutana na wa zamani acha mwanya ulionyooka, usiunganishe kuta kwa plasta moja, kwa sababu mpya utashuka kidogo na ufa utatokea tu.

Umeme upange kabla ya plasta: mashine ya kuchomelea iwe na waya wake mnene na breka yake, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ipimwe. Kibali cha halmashauri chukua mapema, wataangalia umbali wako na mpaka wa jirani.

Ingia kwenye banda leo na tochi, piga picha ya kenchi pale zinapokalia ukuta, uiweke hapa kabla hujampa fundi hela ya kubomoa. Nitaitazama.