Kabla hujanunua NAS kwa ajili ya video za harusi

Mkuu, umeuliza kama hela uliyonayo uiweke kwenye NAS ya diski mbili (sanduku la diski linalounganishwa na mtandao wa ofisini au nyumbani) au ulipie wingu, yaani kutunza mafaili mtandaoni, kwa kuwa laptopu na diski zako za nje zimejaa video za maharusi. Mimi nahariri harusi na sendofu hapa Dar, na kwa hali uliyoieleza NAS ningeiacha kwanza.

NAS ina faida mkiwa wahariri wawili watatu mnaofungua kazi moja. Ukiwa peke yako, unanunua sanduku lenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, ile wauzaji wanayoiita RAID 1. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea, hapo sina ubishi. Ila ukifuta folda ya mteja saa nane za usiku na usingizi umekushika, imefutika kote. Mwizi naye akibeba sanduku kabeba zote mbili. Na kwa umeme wetu huu, lazima uongeze bei ya UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika.

Wingu nalo lipigie hesabu. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa. Kamera mbili, kanisani mpaka ukumbini, GB 300 unazifikisha bila shida. Mtandao ukipandisha megabiti 10 kwa sekunde, huo mzigo mmoja ni karibu siku 3, usiku na mchana. Kwa bando la simu usithubutu.

Nunua diski mbili za kawaida za TB 4 au 5, zile za kuzunguka. SSD, ile ya kasi isiyo na sahani ya kuzunguka, ni ya kuhariria. Kuiweka kabatini miaka bila umeme siishauri. Zote mbili ziwe na vitu vilevile ila zisilale nyumba moja. Yangu moja iko mezani, nyingine iko kwa dada yangu Tabata. Nikienda kumsalimia naichomeka, naongeza kazi mpya, naiacha hapohapo. Memori kadi sifomati mpaka ya Tabata imepata mzigo wake. Kunakili natumia programu ya TeraCopy, nikiwa nimewasha ule uhakiki wa mwisho. Inachelewa, lakini inalinganisha faili na faili.

Wingu libaki kwa vitu vidogo: video iliyokamilika, mikataba, na faili za mradi. Hapa wengi wanaumia. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, haiweki mradi kwenye folda yako ya video, inauweka kwenye hifadhidata yake yenyewe, kwa hiyo unaweza kunakili folda nzima na kazi ya kuhariri isiwemo hata chembe. Lazima uutoe mradi kama faili ya .drp. Lightroom Classic, ile ya picha, vilevile: ile nakala inayokuuliza ukiifunga ni ya katalogi tu, yaani orodha ya picha na marekebisho yako, picha zenyewe hazimo.

Ukihesabu utaona hivyo vitu vidogo, vikiwa kwenye diski zote mbili na kwenye wingu, vimetimiza 3-2-1, kanuni aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, aina 2 za hifadhi, 1 iwe nje ya nyumba. Video mbichi zinabaki na nakala mbili.

Sasa kununua. Kuna duka Kariakoo nililetewa diski ya TB 4 ndani ya nailoni, stika inang'aa, bei chee. Nikaomba niichomeke kwanza, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski: saa za kuwashwa, 26,000 na ushei. Hiyo ni kama miaka mitatu bila kuzimwa, bila shaka ilitolewa kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Muuzaji akasema laptopu yangu ndiyo inasoma vibaya. Nikamshukuru nikaondoka. Angalia pia humo idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani sehemu za diski zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba. Isiposoma sifuri, rudisha. Na zile SSD za TB 16 zinazouzwa bei ya chipsi kuku ni memori kadi ndogo iliyodanganywa ukubwa. Ukiwa na wasiwasi, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, itajiumbua.

Kingine, andika kwenye mkataba video mbichi unazitunza muda gani. Mimi naweka miezi sita tangu mteja apokee kazi yake, baada ya hapo akitaka zitunzwe analeta diski yake. Bila hicho kifungu hata TB 20 zitajaa, maana hakuna bibi harusi atakayekuambia futa.