Jibu: Kufuta kodi ya mapato na kuongeza pesa za shule, inawezekana?

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama mgombea ugavana wa jimboni kwenu anaweza kufuta kodi ya mapato na papo hapo kuongeza pesa za shule. Kwanza angalia pengo ataliziba na nini, maana karibu majimbo yote ya Marekani yanabanwa kusawazisha bajeti. Mimi niko Texas. Mshahara haukatwi kodi ya jimbo, lakini risiti ya dukani ina kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, na kila Januari kodi ya kumiliki nyumba (si ya pango) inanibana kweli. Sehemu kubwa yake inaendesha shule. Kansas walipunguza kodi 2012, hazina ikapwaya, na 2017 wabunge wakazipandisha tena licha ya veto ya Gavana Brownback. Mkutanoni muulize: itapanda kodi ipi, au itakatwa huduma ipi? Akikwambia tu "uchumi utakua", mbane zaidi.