Washenzi walikuwa akina nani?

SWALI: Mwanangu aliambiwa na mwenzake shuleni kwamba kabila letu ni washenzi. Mimi najua mshenzi ni mtu asiye na adabu. Kabila linaingiaje hapo?

JIBU: Mpe pole mtoto. Maana uijuayo ndiyo iliyozoeleka leo, ila ya kabila ni ya zamani zaidi, na ndiyo inayouma.

Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mshenzi hakuwa lazima mtu mwenye tabia mbaya. Alikuwa mtu wa bara, asiye Mwislamu, asiyejua desturi za mjini. Mara nyingi ni mtumwa aliyeletwa karibuni. Hata angekuwa mpole na mkarimu namna gani, aliitwa hivyo hivyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inaeleza kuwa watu wa pwani waliwaita hivyo kwa dharau wale waliotoka bara.

Kinyume chake kilikuwa mwungwana: mtu huru, mwenye asili na mji wake. Lakini tazama yaliyotokea kwenye misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi na askari wa misafara, wengi wao watumwa waliozaliwa bara, wakifika Tabora, Ujiji au Manyema walijiita waungwana, na wenyeji wa huko ndio wakawa washenzi. Kiswahili walichokieneza mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana kwa sababu yao. Kwa hiyo ushenzi haukuwa katika damu ya kabila lolote. Ulitegemea nani anasema, na amesimama wapi.

Baadaye ustaarabu ukachukua nafasi kubwa ya uungwana kama kipimo. Neno hili limetokana na kitenzi cha Kiarabu istaaraba, yaani kujifanya au kuwa kama Mwarabu, na lilishika nguvu enzi za masultani wa Oman waliotawala Unguja. Leo tunasema Mchina mstaarabu au Mhaya mstaarabu bila kuwafikiria Waarabu hata kidogo. Ustaarabu umejitenga na asili yake kabisa. Mshenzi hajajitenga kabisa, kama alivyoonja mwanao.

Ukimwambia mtu “umefanya ushenzi” unalaumu tendo lake, na Kiswahili kinaruhusu, ingawa ni kauli kali. Kuliita kabila zima washenzi ni kurudia usemi wa wenye watumwa. Mwalimu akisikia hayo darasani, asiyapuuze kama utani wa watoto.